Marehemu Eudald Pouboig, Si Poboch

Ndugu, majirani wa Guimerola, nanyi mliotoka Cervera na Lleida, programu mliyoshika mkononi ni ya pili. Ile ya kwanza ililetwa jana na kampuni ya mazishi. Ilikuwa na picha nzuri ya marehemu, na chini ya picha jina la mtu mwingine. Familia ilizitumia zote kuwashia jiko. Ziliwaka vizuri.

Basi kabla ya lolote, jina. Marehemu aliitwa Eudald Pouboig i Sarroca. P, o, u, b, o, i, g. Wenye kalamu waandike. Wachonga mawe ndio hasa wanaoombwa waandike.

Eudald alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938 katika nyumba ya Cal Pouboig, hapa hapa Guimerola, wilaya ya Segarra, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Isidre Pouboig na Tecla Sarroca. Baba yake alikuwa vitani, katika ile vita ya wenyewe kwa wenyewe. Alimwona mtoto mara moja tu, akambeba hadi uani, akamwonyesha kisima, akasema, "Huyu ndiye babu yako wa kwanza, msalimie." Septemba ya mwaka huo huo Isidre aliuawa kwenye mapigano ya mto Ebre na hakuna anayejua alizikwa wapi.

Kisima hicho wengi wenu mmekunywa maji yake. Ndicho kilichozaa jina. Pou ni kisima, boig ni kichaa. Kinaitwa kichaa kwa sababu hakifuati mvua: mwaka wa mvua nyingi kinakauka hadi vyura wanahama, na mwaka wa ukame maji yanapanda mpaka mtu anayachota kwa sufuria. Wazee walisema maji yake yanatoka mbali chini ya mwamba na huchelewa njiani. Wengine walisema kinafanya makusudi. Watu waliokichimba wakaitwa kwa jina lake, nyumba ikaitwa kwa jina lao, na mambo yakabaki hivyo kwa karne nyingi. Hakuna ukoo mwingine wa jina hilo popote. Akina Pouboig wote waliopata kuishi duniani walikunywa kisima kimoja.

Hawakuwa wengi kamwe. Shamba la mawe hulisha mrithi mmoja, na mrithi ni mtoto wa kwanza. Wadogo walikwenda utawani, au viwandani Barcelona, au Cuba, na huko wakafa bila watoto au wakazaa wasichana, na jina la msichana zamani lilikuwa linakaa nyuma ya la baba wa watoto, halafu kizazi cha pili linaanguka. Mizabibu ilipokufa kwa ugonjwa ule wa zamani, nyumba ilibaki na mwanamume mmoja kila kizazi. Jina lilikuwa kama mshumaa mmoja ndani ya chumba. Linatosha, ila upepo usiingie.

Upepo uliingia mwaka 1940.

Vitabu vya vizazi vya kijiji vilikuwa vimeungua Januari 1939, jeshi moja likitoka na jingine likiingia, na hadi leo kila upande unasema upande wa pili ndio uliowasha kiberiti. Ikatolewa amri watoto waandikishwe upya. Tecla, mjane wa miaka thelathini na mmoja, asiyejua kusoma, alimbeba Eudald mgongoni akaenda ofisini. Alimkuta karani mgeni aliyetumwa kutoka mbali, ambaye hakujua hata neno moja la Kikatalani wala hakutaka kulijua.

"Jina la ukoo?"

Tecla alilitamka. Mdomoni jina hili huishia kwa mlio mkavu wa "ch". Kwenye karatasi mlio huo kwetu huandikwa i na g. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo kabla hajaota meno ya pili. Karani hakuwa mtoto wa hapa.

"Rudia. Na usikohoe."

Tecla akarudia.

"Sema Kikristo, mama!"

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakituambia. Lugha yetu haikuwa ya Kikristo. Tecla alinyamaza, kwa sababu mumewe alikuwa ameshakufa na alibaki na watoto wawili. Jibu lilimjia akiwa nusu ya njia ya kurudi nyumbani, na alilirudia mbele ya jiko miaka yote iliyobaki ya maisha yake, kila maziwa yalipomwagika au mlango ulipogoma: "Nilibatizwa kabla yako, mbwa wewe!"

Karani aliandika alichosikia: Eudaldo Poboch. Akapiga muhuri. Poboch si kisima, si kichaa, si kitu chochote katika lugha yoyote. Ni kikohozi.

Kaka yake mkubwa, Quirze, alikuwa amezaliwa mwaka 1931 kijijini kwa akina Sarroca, na vitabu vya huko havikuungua. Yeye alibaki Pouboig. Hivyo watoto wawili wa tumbo moja walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na kwa serikali hawakuwa ndugu.

Shuleni Eudald aliingia mwaka 1944, katika chumba kile ambacho sasa ni stoo ya kijiji, akasoma hadi alipotimiza miaka kumi na miwili. Mwalimu aliita majina kila asubuhi. Akifika "Poboch, Eudaldo", kimya. Mtoto yuko pale, benchi la pili, mikono juu ya meza, anamtazama. Kimya. Mwalimu alimchapa rula kwenye ncha za vidole. Kesho yake, kimya. Mwishowe mwalimu alichoka akawa anamwandika hayupo. Ndiyo maana cheti chake cha shule, ambacho mkewe Engràcia alikitundika chooni kwa miaka mingi, kinasema kwamba mwanafunzi huyu alijua hesabu vizuri sana lakini hakuhudhuria.

Alipoacha shule alishika shamba pamoja na Quirze. Shayiri, lozi, na nguruwe wachache. Alikuwa mkulima mzuri na jirani mgumu. Mlozi wake hakuna aliyeruhusiwa kuupogoa, hata mke. Alikuwa wa kwanza hapa kununua trela la chuma, mwaka 1973, na ubavuni akaandika kwa rangi nyeupe, kwa herufi kubwa kama vichwa vya watoto: POUBOIG. Askari wa barabarani wakamsimamisha njia panda ya Talladella.

"Trela hili la nani?"

"Langu."

"Limeandikwa Pouboig."

"Ndiyo mimi."

"Kitambulisho kinasema Poboch."

"Basi kikamateni kitambulisho. Mimi nina shayiri ya kupeleka."

Alilala kituoni. Ikabidi Quirze aende asubuhi kwa baiskeli, aonyeshe kitambulisho chake, na kuapa kwamba trela ni lake. Askari wakaridhika. Tangu siku hiyo trela likawa la Quirze kisheria, na Quirze, ambaye hakupenda ugomvi wala hakuwahi kujua kuendesha trekta, kila alipoudhiwa na mdogo wake alimwambia, "Shuka kwenye trela langu."

Tarehe 15 Oktoba 1966 Eudald alikuwa amemwoa Engràcia Fabregat wa Talladella. Wapo hapa wanaokumbuka tangazo la ndoa. Padri alisoma kutoka kwenye karatasi kwamba Engràcia, binti wa Bonaventura Fabregat, ataolewa na Eudaldo Poboch. Mzee Bonaventura akainuka katikati ya kanisa.

"Simama hapo, Padri! Huyu Poboch katoka wapi? Mimi binti yangu nimempa kijana wa Kisima Kichaa!"

Sauti ikatoka benchi la nyuma: "Mzee, kumbe umeuza jike moja kwa madume wawili!"

Kanisa lilicheka mpaka padri akaacha kujizuia. Eudald hakucheka. Engràcia alicheka, na aliendelea kucheka miaka hamsini na miwili. Alikuwa akisema, "Siku ile niliolewa na wanaume wawili. Mmoja wa karatasi, mmoja wa mezani. Wa karatasi ana adabu zaidi, hajawahi kuniuliza chumvi iko wapi." Bila kicheko chake nyumba ile isingekalika. Alifariki mwaka 2019, naye yumo humu ukutani tunamozika watu wetu, pembeni ya shimo hili lililo wazi.

Mungu aliwapa mtoto mmoja, Agnès, tarehe 2 Juni 1968. Agnès Poboch Fabregat. Quirze hakuoa. Hapa ndipo uchungu ulipo, na familia imeomba usemwe wazi: kaka alikuwa na jina zuri na hakuwa na wa kumpa, mdogo alikuwa na wa kumpa na hakuwa na jina.

Mtasema, lakini sheria ilibadilika. Ni kweli. Utawala ule uliotukataza lugha yetu ulikwisha, na baadaye ikaruhusiwa kila aliyeharibiwa jina akalirekebishe. Watu wa kijiji hiki walikwenda. Waliofanywa Juan wakarudi Joan, waliofanywa José wakarudi Josep, wakanywa divai ofisini. Eudald hakwenda. Walimfuata nyumbani wakamwambia ni rahisi, ni kuomba tu.

"Kuomba?" alisema. "Aliyeiba ndiye hurudisha. Nikienda kuomba nitakuwa nimekubali kwamba lilikuwa lao. Waje wao. Njia wanaijua, walipokuja kutoza walipata mlango."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Alikaa akiwasubiri. Aliwasubiri mwaka baada ya mwaka, na hasira yake ilikuwa na haki, na haki hiyo ilimla yeye na ikaanza kuwala wengine. Agnès angeweza kwenda peke yake kurekebisha la kwake. Hakwenda. Alisema hawezi kuwa na jina la baba ambalo baba mwenyewe hana. Akaolewa na Ponç Vidal wa Cervera, na binti yao alipozaliwa mwaka 2001 sheria ilikuwa imeshamruhusu mama kutanguliza jina la upande wake. Agnès alilitanguliza, makusudi, mbele ya karani, ili lisianguke. Mtoto akaitwa Jana Poboch Vidal. Hivyo mikono ile ile iliyotaka kuokoa jina ikaokoa kikohozi.

Quirze alifariki tarehe 30 Novemba 2018. Miaka mitatu baadaye, mchana mmoja, Eudald alikuwa amekaa kwenye baa akicheza karata na rafiki yake Magí Torrelles, ambaye yupo hapa mbele na fimbo yake. Magí alikuwa na gazeti la wilaya. Ndani mlikuwa na makala ya bwana mmoja msomi kuhusu majina adimu ya Segarra.

"Eudald," Magí akasema, "pole sana. Umefariki."

"Lini?"

"Mwaka 2018. Imeandikwa hapa. Jina la ukoo Pouboig limetoweka mwaka 2018 kwa kifo cha mtu wake wa mwisho."

"Nilikushinda karata jana tu."

"Ndiyo. Nimeshindwa na maiti. Usimwambie mtu."

"Soma mbele."

Magí akasoma, na sasa hakutaka tena kusoma. Mbele iliandikwa kwamba wilayani lipo pia jina Poboch, lenye watu wachache, asili yake haijulikani, labda lililetwa na wageni.

Eudald aliweka karata mezani, zikiwa zimefunuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wageni! Watu waliokichimba kile kisima! Akaenda kwenye simu ya baa akapiga gazetini. Akapokea msichana mwenye sauti ya upole.

"Jina lako tafadhali, mzee?"

"Pouboig."

"Linaandikwaje kwenye kitambulisho?"

Eudald akakata simu. 

Jumapili iliyofuata Agnès alileta kompyuta nyumbani. Takwimu za serikali zinaonyesha kila jina la ukoo lina watu wangapi na liko la ngapi, lakini jina lenye watu wachache mno halionyeshwi kabisa. Akaandika Pouboig. Hakuna. Akaandika Poboch. Hakuna. Familia moja, kisima kimoja, imekatwa vipande viwili, na kila kipande ni kidogo kuliko tundu la chekeche. Vyote viwili vimepita vikaanguka chini na makapi. Kwa serikali hakukuwa na mtu ndani ya nyumba ile siku hiyo, ingawa konokono wa chakula cha mchana walikuwa wanakaangika kwenye bati na watu wanne walikuwa mezani.

Eudald akaanza yale yale. Poboch takataka, Poboch mavi ya kalamu, Poboch hili na lile. Wote walikuwa wamezoea. Jana, aliyekuwa na miaka ishirini, akaweka chini kipande chake cha mkate wa nyanya.

"Babu, nani Poboch hapa?"

"Hakuna. Hakuna Poboch duniani."

"Mimi je? Shuleni niliitwa hivyo. Kazini naitwa hivyo. Sina jingine la kwako. Kila ukilitemea mate unanitemea mimi, na sasa nimechoka kujifuta."

"Sikukusema wewe, mjukuu wangu."

"Ulimsema nani?"

Agnès, aliyekuwa amemtetea baba yake maisha yote, hakumtetea. Alisema, "Baba, yule karani amekufa. Aliyemtuma amekufa. Aliyempa muhuri amekufa. Unamsubiri nani aje?"

Mzee alitoka akaenda uani. Alikaa ukingoni mwa kisima mpaka konokono wakapoa. Mwaka ule ulikuwa wa mvua, kisima kilikuwa kikavu, na waliokuwa ndani walimsikia akitupa mawe, jiwe baada ya jiwe, yakigonga chini.

Kesho yake alivaa koti la harusi akaenda kuomba.

Ndiyo, aliomba. Akiwa na miaka themanini na mitatu alisimama mbele ya meza akasema tafadhali. Familia inataka jambo hilo likumbukwe na kila aliye hapa, na hasa na wale waliokuwa wakisema kwamba Eudald hajui kuinama. Alirudi nyumbani amejaa aibu kama mtu aliyepigwa hadharani, akamwambia Jana, "Nimekuombea. Kwa ajili yangu nisingeomba."

Jibu lilichukua muda mrefu. Lilipofika, mwanzoni mwa mwaka 2023, Agnès alilisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akakaa chini. Kuna mtu aliyeona jina geni akaamua kulisaidia. Lilikuwa limeandikwa Puigboig. Puig ni mlima.

Eudald alilitazama. Halafu kitu kikaanza kumtikisa mabega, na wote wakadhani ni moyo. Alikuwa anacheka.

"Miaka themanini wametufukia kisima," alisema, "na sasa wamejenga mlima juu yake!"

Kisha akaacha kucheka, akatamka maneno ambayo hayawezi kusomwa mbele ya padri. Wakapeleka maombi tena.

Kiangazi cha mwaka huo ndipo alipoanza kuumwa. Alikonda, macho yakawa manjano, na Oktoba madaktari wakasema ni saratani ya kongosho na kwamba haiwezi kukatwa. Alitaka kubaki nyumbani. Alibaki hadi Januari, maumivu yalipozidi nguvu za Agnès, akapelekwa hospitali. Kwenye mkono wakamfunga utepe: Poboch, Eudaldo. Asubuhi walikuja kumwita. Kimya. Wakamwita kwa sauti. Kimya. Wakamulika taa machoni, wakaandika kwamba mgonjwa hasikii. Ponç ndiye aliyewaeleza kwamba anasikia vizuri sana, ila hajaitwa bado.

Muuguzi mmoja, mama kutoka Honduras aitwaye Yadira, aliinama akamwuliza sikioni, "Bwana, kwenu wanakuitaje?"

"Pouboig."

"Nitamkie tena, taratibu. Mimi huku mgeni."

Akamtamkia tena. Akamwambia herufi moja moja. Yadira akachukua kalamu, akakata lile la kwenye utepe, akaandika juu yake. Mgeni, aliyefika juzi, mwenye wagonjwa wengi na miguu iliyovimba, alifanya kwa kalamu ya kawaida jambo ambalo ofisi zote za nchi hii zilikuwa hazijaliweza tangu vita. Hakusema lolote juu yake. Aliendelea na kitanda cha pili.

Karatasi sahihi ilifika nyumbani tarehe 31 Januari. Agnès aliipeleka hospitali akamwekea mbele ya macho. Hakuweza tena kusoma, akaomba asomewe herufi. Zilipofika i na g alifumba macho. Akauliza, "Na ya Jana?" Wakamwambia ya Jana na ya Agnès zinafuata, kwa kuwa sasa yake ipo. Akauliza kisima kina nini. Wakamwambia kimejaa. Mnajua ukame uliopo msimu huu, mnajua mashamba yalivyo. Kisima kimejaa.

Eudald Pouboig alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na binti yake na mjukuu wake.

Na hata hapo hawakumwacha. Hospitali ilikuwa na jina la zamani kwenye mashine zake, mashine zikaipa kampuni ya mazishi, kampuni ikachapa programu, ikabandika matangazo ya kifo mlangoni mwa kanisa na kwenye baa, na ikaagiza jiwe. Agnès alipopiga simu aliambiwa wanasikitika, lakini mtambo ndivyo ulivyosema. Jana alizunguka kijiji kizima kwa miguu akibandua matangazo. Jiwe liliwasili jana jioni kwa gari. POBOCH, kwa herufi za dhahabu, zimechongwa vizuri, zimeng'arishwa. Dereva alisema anaweza kuliacha kwa muda. Ponç, ambaye si mtu wa maneno, alimwambia kwamba akiliacha litaingia kisimani, naye atalifuata. Limerudi lilikotoka.

Hivyo leo hakuna jiwe. Ukuta utazibwa kama walivyozibiwa mababu, kwa matofali na plasta, na jina litakwaruzwa kwa msumari plasta ikiwa mbichi, mpaka jiwe la kweli litakapopatikana, na likikosekana basi litabaki la msumari. Mwashi wetu Biel ameshachanganya. Maji aliyochanganyia tumeyachota asubuhi Cal Pouboig, kwa sufuria.

Marehemu ameacha binti yake, Agnès, na mjukuu wake, Jana, ambao vitambulisho vyao vipya vimekuja juzi, siku moja baada ya yeye kuondoka. Ameacha mkwe wake, Ponç, aliyepewa kazi ya kusoma maneno haya kwa kuwa wengine wasingeweza kuyasoma bila kupiga kelele. Ameacha rafiki yake Magí, ambaye anasema mchezo wa karata ulikuwa haujakwisha. Ameacha mlozi ambao hakuna anayejua kuupogoa, trela la Quirze, na kisima.

Watu wenye jina la Pouboig waliobaki duniani ni wawili. Katika takwimu za serikali hawapo na hawatakuwapo, ni wachache mno. Wako hapa mbele yenu, mmoja wao amevaa koti la babu yake na ameshika msumari.

Tafadhali mtu asiondoke kabla mjukuu huyu hajamaliza kuandika. Na mtu asimsaidie kutaja herufi. Anazijua.

Eudald apumzike kwa amani. Hasira atuachie sisi.